Doa Jekundu Ziwani: Jinsi Setilaiti Inavyosaka Mimea Vamizi

Picha ya aina hii haiishi kuzunguka kwenye simu, hasa mvua kubwa zikishapita. Ni ziwa lililopigwa kutoka angani: maji meusi tii, na kandokando ya ufuko doa jekundu kama damu iliyomwagika. Maneno yanayoambatana nayo ni yaleyale. Ziwa limetiwa sumu. Kuna kiwanda kimefungulia mabomba yake usiku. Kuna anayeona dalili za kiama. Kumbe doa lile ni majani mabichi yanayoelea, ya kijani kibichi kabisa, na wekundu umewekwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mtu huyo hakutaka kumdanganya yeyote. Alikuwa kazini, akitafuta mimea vamizi kwenye ardhioevu, na kwa kazi hiyo rangi nyekundu inamfaa kuliko ya kijani. Sababu yake tutaifikia. Kwanza tukubaliane majina, maana nusu ya ubishi huu unatokana na watu kutumia neno moja kwa maana tatu.

Ardhioevu ni mahali ambapo maji ndiyo yenye usemi: vinamasi, kingo za maziwa, mabonde yanayofurika, mikoko, matope ya pwani. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, makubaliano ya kimataifa ya kuhifadhi ardhioevu, unahesabu humo hata maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa kupwa. Mmea vamizi ni mmea uliotolewa kwao na binadamu, ama kwa makusudi ama kwa bahati mbaya, ukafika ugenini, ukaenea mpaka ukaleta madhara. Mambo mawili lazima yakutane hapo, ugeni na madhara. Mafunjo yanaweza kuziba njia ya mtumbwi hadi ukate tamaa, lakini kwenye vinamasi vya Afrika mafunjo ni mwenyeji. Gugu maji ni mgeni. Kwao ni bonde la Amazon, lilisafirishwa kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, na mahali penye joto na maji yenye rutuba huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili au pungufu. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, ililitaja kuwa ndilo spishi vamizi iliyoenea kuliko zote duniani, ukiacha za baharini.

Sasa turudi kwenye ule wekundu.

Kamera ya simu yako hupima mwanga wa aina tatu: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupima aina 13, na nyingi kati ya hizo jicho la binadamu haliwezi kuziona. Muhimu kuliko zote hapa ni infraredi iliyo jirani na mwekundu. Jani lina klorofili, ile rangi yake ya kijani, na klorofili hula mwanga mwekundu na wa bluu ili kutengeneza chakula. Kijani hakiliwi sana, ndiyo maana tunakiona. Infraredi nayo jani halina haja nayo kabisa. Ukikata jani la gugu maji utaona ndani yake mna vinafasi vingi vya hewa kama sifongo. Infraredi ikiingia humo hugonga huku na kule, kisha sehemu kubwa, karibu nusu, hutoka tena kuelekea juu. Maji yana tabia ya kinyume, kwani huimeza infraredi karibu yote. Kwa hiyo ukilitazama ziwa kwa infraredi tu, maji ni chumba chenye giza na kila zulia la majani ni taa iliyowashwa.

Lakini jicho haliioni infraredi, kwa hiyo ni lazima ipewe rangi ya kuazima. Kwa mazoea ya miaka mingi imepewa nyekundu. Mazoea hayo yana historia yake: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kulikuwa na filamu za kupigia picha kutoka kwenye ndege zilizofanya majani hai yaonekane mekundu, ili vitambaa vya kijani vilivyofunika silaha vijulikane kwamba si majani. Ujanja uleule leo unatumika kuwinda magugu. Kwenye picha hizi, jekundu zaidi maana yake ni jani lenye afya zaidi. Ukiona doa jekundu ziwani, hapo kitu kinastawi.

Picha ya rangi, hata hivyo, ni ya kutazama tu. Ramani hutengenezwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe haimshindi mwanafunzi wa shule ya msingi. Unachukua infraredi, unatoa mwekundu, kisha unagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Jibu linaitwa kielezo cha uoto, NDVI kwa kifupi chake cha kimataifa, na huwa kati ya hasi moja na moja. Tuseme, kwa makadirio ya kueleweshana tu, zulia la gugu maji linarudisha asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya mwekundu. Arobaini toa tano ni 35, arobaini jumlisha tano ni 45. Ukigawanya unapata 0.78. Maji matupu yakirudisha infraredi 2 na mwekundu 4, jibu ni hasi 0.33. Tofauti ni ya mbingu na ardhi, na kompyuta inaweza kurudia hesabu hiyo mara milioni kadhaa bila kuchoka.

Mbona basi kazi isiishie hapo? Kwa sababu ya pikseli, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Ivute picha yoyote kwenye simu mpaka ianze kuvunjika vijiraba. Kijiraba kimoja ni pikseli, na ndani yake hakuna kingine cha kuona, ni rangi moja tu. Pikseli nzuri za Sentinel-2 zina upande wa mita 10, yaani kila moja ni mita 100 za mraba. Za Landsat, setilaiti za Marekani ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, siku hizi zina upande wa mita 30. Kwenye uwanja wa mpira wa miguu zinaenea pikseli 70 hivi za Sentinel-2, au 8 tu za Landsat. Kuna kipimio kingine maarufu, MODIS, kinachobebwa na setilaiti za Marekani, ambacho pikseli yake kali kuliko zote ina upande wa mita 250; hiyo moja inameza viwanja karibu tisa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba setilaiti hizi zimehesabu magugu moja moja, mwambie apumzike. Zipo za kibiashara zenye macho makali zaidi, lakini picha zake hulipiwa, na hifadhi ndefu ya miongo mingi haiko kwao. Ya Landsat imekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008, na hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa utafiti huu hata kwa asiye na bajeti.

Sasa fikiria pikseli iliyoangukia ukingoni mwa zulia, nusu gugu, nusu maji. Ungetegemea kielezo chake kiwe katikati, pale kwenye 0.2 na ushee. Kifanyie hesabu. Infraredi ni wastani wa 40 na 2, yaani 21. Mwekundu ni wastani wa 5 na 4, yaani 4.5. Jibu ni 0.65. Pikseli yenye robo tu ya gugu inapata 0.46. Umeona? Gugu linapiga kelele kuliko ukubwa wake, maana infraredi yake ni nyingi na maji hayana cha kuipunguza. Mchora ramani akiamua kwamba kila kinachozidi 0.4 kihesabiwe kuwa gugu, pikseli hiyo ya robo itaingia kwenye jedwali kama mita 100 kamili za mraba. Zulia moja kubwa la duara halitaathirika sana. Ila magugu yaliyotawanyika vipande vipande, yenye kingo nyingi, yanaweza kuvimba mno kwenye takwimu, na kamati ikakaa kujadili eneo ambalo sehemu yake ni maji safi. Wachoraji makini hutumia mbinu za kukadiria ni asilimia ngapi ya kila pikseli ina mmea. Wengine hawajisumbui. Hili mimi naliona ndilo kosa linalopita kimyakimya kuliko mengine yote.

Dhana nyingine iliyozoeleka ni kwamba kila kilicho kijani juu ya maji ni gugu. Kielezo cha uoto hakitaji jina la mmea. Kinasema tu kuna majani hai hapa. Mafunjo yatang'aa, matete yatang'aa, mayungiyungi yatang'aa, hata mwani mzito ulioganda juu ya maji utang'aa kiasi. Mwani hujulikana kwa kuwa umelowa: kuna infraredi ya masafa marefu zaidi ambayo maji kidogo tu yanatosha kuimeza, na jani la gugu maji, lililosimama juu ya uso wa maji, huirudisha kuliko utando wa mwani. Kati ya gugu maji na mafunjo kazi ni ngumu zaidi, maana yote ni majani halisi yaliyojaa klorofili.

Hapo ndipo wakati unapofanya kazi ambayo rangi imeshindwa. Panga picha za mwaka mzima za sehemu moja, uzitazame kwa mfululizo. Mafunjo yaliyojikita ukingoni yatabaki palepale, Januari hadi Desemba. Gugu maji halina mizizi ardhini likiwa kwenye kina. Upepo ukigeuka nalo linageuka, leo liko ghuba hii, wiki ijayo limehamia ng'ambo. Kijani kinachotembea ni cha kushukiwa. (Kuna visiwa vya mafunjo vinavyokatika na kuelea, ndiyo, navyo vimewahi kuwachanganya wataalamu. Kinamasi hakikosi vituko.)

Mmea usiotembea nao unaweza kujitaja kwa majira yake. China ilileta nyasi iitwayo spartina kutoka Marekani mwaka 1979 ili ishike matope ya pwani yasimomonyoke. Ilishika kweli, kisha ikaendelea kushika kila ilichokuta. Kwenye picha ya kiangazi inafanana na matete ya wenyeji, lakini vuli ikifika matete yananyauka mapema na spartina inabaki na ukijani wake kwa muda zaidi. Mchora ramani anayechagua tarehe ya vuli anapewa jibu ambalo picha ya Julai, hata iwe safi namna gani, haiwezi kumpa. Ramani za namna hii zilionyesha kwamba kufikia katikati ya muongo uliopita nyasi hiyo ilikuwa imetwaa zaidi ya kilomita za mraba 500 za pwani ya China, na kwa mpango wa 2022 hadi 2025 serikali ya huko ikajiwekea lengo la kuondoa zaidi ya asilimia 90 yake.

Mawingu ni adui wa kila siku. Watu hudhani setilaiti inakodoa macho muda wote juu ya ziwa lao, na kwamba ramani ya bure kwenye simu inaonyesha hali ya leo. Ramani ile ni viraka vya picha za tarehe mbalimbali, baadhi za miaka kadhaa iliyopita. Sentinel-2 mbili zikifanya kazi pamoja hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano hivi, asubuhi, na zikikuta wingu zinapiga picha ya wingu. Gugu hustawi hasa baada ya mvua kusomba mbolea na maji taka hadi ziwani, na msimu wa mvua ndio wenye mawingu. Siku unayoihitaji picha ndiyo siku unayoikosa.

Dawa yake ni rada. Rada haisubiri jua. Hutuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya wingu, kisha inasikiliza yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande wa pili kama kioo, kwa hiyo yanaonekana meusi, na majani huyatawanya, baadhi yakarudi, yakaonekana meupe. Ila rada haina habari ya klorofili. Upepo ukivuruga maji nayo yanaweza kuonekana meupe, na ukadhani zulia limeenea usiku mmoja. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini watafiti walitumia rada ya setilaiti ya Japani, yenye mawimbi ya sentimita 23 hivi, kuchora matete vamizi yaliyotoka Ulaya kwenye pwani ya upande wa Marekani. Mawimbi marefu hupenya kati ya mashina na kugonga maji yaliyo chini, na msitu mzito wa matete marefu hujitambulisha kwa mwangwi wake. Shida ni kwamba Marekani kuna matete ya asili ya spishi hiyohiyo. Kuyatenganisha kwa uhakika kunamtaka mtu ashike shina mkononi na kulichunguza.

Mtu huyo ndiye anayesahauliwa kila tunapozungumzia ramani za angani. Kompyuta haizaliwi ikijua gugu maji. Watu hupanda mtumbwi na kifaa cha GPS, wakaandika: hapa gugu, hapa mafunjo, hapa maji matupu. Alama hizo ndizo kompyuta hufundishwa nazo. Kwa mimea iliyokita mizizi hakuna tatizo. Kwa inayoelea, chukua mfano wa alama iliyowekwa Jumanne katikati ya zulia la gugu. Usiku wa Jumatano upepo unageuka. Alhamisi asubuhi setilaiti inapita, na palipokuwa na alama sasa pana maji wazi. Ofisini mtu anaunganisha alama na picha bila kuuliza, na kuanzia hapo kompyuta imefundishwa kuyaita maji safi gugu maji. Ndiyo maana watu wazoefu hupanga safari kwa ratiba ya setilaiti, wakaenda siku ileile, wakakwepa kingo na kuweka alama mahali zulia lilipo pana.

Baadaye alama nyingine, ambazo kompyuta haijawahi kuziona, hutumika kuipa ramani mtihani. Matokeo hutangazwa kwa asilimia, na asilimia ni tamu kusikia. Usiimeze haraka. Tuseme pikseli 100 za ziwa, 5 kati yake zina gugu. Mtu akikuletea ramani tupu inayosema hakuna gugu popote, amepatia 95. Ana usahihi wa asilimia 95 na hajaona gugu hata moja! Cha kuuliza ni makosa ya aina mbili: kati ya magugu yaliyopo, ramani imekosa mangapi; na kati ya iliyoyaita magugu, imesingizia mangapi. Anayewinda mmea uliofika juzi, ukiwa bado kiraka kidogo, afadhali asingiziwe mara kumi kuliko kuukosa mara moja.

Kuna vitu setilaiti hizi karibu haziwezi kuviona kabisa. Mimea inayoishi chini ya maji ni mmojawapo wa mifano, kwa sababu infraredi yake humezwa kabla haijafika juu. Iliyo chini ya kivuli cha miti ni hivyohivyo.

Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ina karibu kila kisa nilichokitaja. Gugu maji liliripotiwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1998 picha za setilaiti zilionyesha zaidi ya hekta 17,000 zikiwa zimefunikwa ghubani humo. Miaka miwili baadaye sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Fukusi wanaokula gugu hilo walikuwa wameachiliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Mvua na dhoruba za El Niño zilipiga 1997 na 1998. Ni fukusi au ni El Niño? Wataalamu wamebishana, na picha peke yake haiwezi kuamua, kwa kuwa inaonyesha wapi na lini, na haionyeshi jani lilitafunwa au lilivunjwa na wimbi. Hata kupungua kwenyewe kunahitaji jicho la pili: upepo mkali ukilisukuma zulia na kulibana ufukoni, eneo kwenye ramani linapungua bila mmea hata mmoja kufa. Upepo ukilegea linatanda tena, na takwimu zinasema limeongezeka.

Desemba 2005 picha za MODIS zilionyesha ghuba ikiwa karibu wazi. Desemba 2006, baada ya mvua kubwa, kijani kilikuwa kimerudi kwa wingi. Mbegu za gugu maji huzama na kulala kwenye tope kwa miaka 15 au hata zaidi zikingoja mwanga na maji ya kina kifupi, na zikiwa huko hazirudishi infraredi yoyote. Kwenye ramani ya 2005, tope lile lote lilichorwa kwa rangi ya maji safi.